Tosta, Gazeti na Kufuli

Mwaka 1989 Dan Lynch, mwendeshaji wa maonyesho ya Interop huko Marekani, alimpa mhandisi John Romkey ahadi ya nusu mzaha: ukiweza kuiunganisha tosta na intaneti, nitaiweka mahali ambapo kila mgeni ataiona. Romkey hakuichukulia kama mzaha. Akisaidiwa na Simon Hackett, alifika kwenye maonyesho ya 1990 na tosta ya Sunbeam iliyowaka na kuzimika kwa amri iliyotumwa kupitia mtandao. Uwezo wake uliishia hapo. Muda wa kuwaka ndio ulioamua mkate uive au uungue, na mkate wenyewe ulitiwa kwa mkono. Mwaka uliofuata wakaongeza winchi ndogo ya vipande vya Lego, ili hata kazi ya kutia mkate ifanywe na mtandao. Swali la nani mwingine angeweza kuiwasha tosta ile halikuwa na uzito wowote. Intaneti ya wakati huo ilikuwa ya wahandisi na watu wa vyuo vikuu, wengi wao wakijuana.

Miaka hiyohiyo, katika jimbo la New Jersey, watafiti wawili wa maabara za Bellcore walikuwa wakisumbuliwa na jambo lisilohusiana kabisa na mikate. Scott Stornetta alikuwa mwanafizikia, na Stuart Haber bingwa wa hisabati ya usimbaji. Marekani ilikuwa katikati ya mzozo mkubwa wa kisayansi: daftari za maabara moja ya baiolojia zilidaiwa kughushiwa, hata idara ya Secret Service, iliyozoea kuwinda wachapishaji wa noti bandia, ikaitwa kupima wino na karatasi. (Mtafiti aliyetuhumiwa alikuja kusafishwa mwaka 1996.) Wino huacha dalili za umri wake, karatasi huchakaa, na mwandiko humfuata mwenyewe. Faili la kompyuta likibadilishwa usiku halina kovu. Stornetta akajiuliza: daftari zote zitakapohamia kwenye kompyuta, nani atajua nini kiliandikwa lini?

Jibu jepesi lingekuwa ofisi ya kugonga muhuri wa tarehe kwenye kila faili. Lakini ofisi hiyo nani ataichunga? Ukiweka mkaguzi juu yake, mkaguzi naye atahitaji mkaguzi. Wawili hao walikwama kiasi kwamba wakageuza kazi: wakaanza kutafuta ithibati ya kihisabati kwamba tatizo halina suluhisho. Stornetta amesimulia kwamba wazo lilimjia akiwa na familia yake, wakisubiri nafasi katika mgahawa wa Friendly's mjini Morristown. Kama hakuna mtu mmoja anayestahili kuaminiwa, basi wote wafanywe mashahidi.

Utaratibu wao ulikuwa huu. Kila waraka unapitishwa kwenye kanuni ya hisabati inayoubana hadi ubaki mfuatano mfupi wa herufi na tarakimu, ambao tunaweza kuuita alama ya kidole ya waraka huo. Ukigusa nukta moja tu, alama yote inabadilika. Kisha kila alama mpya inafungwa pamoja na ile iliyoitangulia. Anayetaka kughushi waraka wa Jumanne analazimika kughushi na wa Jumatano, na wa Alhamisi, na kila uliofuata, ambao tayari uko mikononi mwa watu asiowajua. Makala yao ilichapishwa mwaka 1991. Mwaka 1994 ikaanzishwa kampuni ya Surety, na kuanzia 1995 alama iliyojumlisha kazi za wiki nzima ikawa inatolewa kwenye gazeti la The New York Times, katika kurasa za matangazo madogo, karibu na habari za vitu vilivyopotea. Mdanganyifu angepaswa kwanza kuzunguka maktaba zote kukusanya magazeti. Kwa maoni yangu hilo ndilo wazo zuri kuliko yote katika historia hii, na liliendeshwa kwa karatasi na wino.

Basi mambo hayo mawili, vitu vilivyounganishwa na daftari lisilofutika, yakaenda kila moja njia yake kwa karibu robo karne. Mwaka 1999 Kevin Ashton, akiwa Procter & Gamble, aliwaeleza wakubwa wake kuhusu intaneti ya vitu, na jina likashika. Redio ndogo na vihisi vikashuka bei mwaka hadi mwaka. Kamera, mita za umeme, friji na vitasa vikapata anwani za mtandaoni. Upande wa pili, tarehe 31 Oktoba 2008, mtu au kundi lililojiita Satoshi Nakamoto lilitoa waraka wa Bitcoin. Kazi nane tu ndizo zilizotajwa mwishoni mwake kama rejea, na tatu kati ya hizo ni za Haber na Stornetta. Nakamoto aliongeza namna ya kuwafanya wageni wasioaminiana wakubaliane juu ya ukurasa unaofuata wa daftari, kwa kuchoma umeme na kulipwa sarafu, kazi inayoitwa uchimbaji. Ndipo ikazaliwa teknolojia ambayo leo inaitwa blokucheni.

Estonia ilichukua njia ya gazeti. Mwaka 2007, baada ya serikali kuihamisha sanamu ya askari wa Kisovieti kutoka katikati ya Tallinn, benki, magazeti na wizara za nchi hiyo zilishambuliwa mtandaoni kwa wiki kadhaa. Mwaka huohuo ilianzishwa kampuni ya Guardtime, iliyojengwa juu ya kazi za mwanahisabati Ahto Buldas na mwenzake Märt Saarepera. Mfumo wao hauna sarafu wala wachimbaji. Unakusanya alama za data, unazifunga kwenye mnyororo, na alama kuu inachapishwa katika gazeti la Financial Times. Mwaka 2016 Guardtime iliingia makubaliano ya kulinda hivyo rekodi za afya za wananchi zaidi ya milioni moja. Rekodi zenyewe haziwekwi kwenye mnyororo. Kinachowekwa ni alama zake tu, ili ikiguswa moja, ijulikane kwamba imeguswa. Hakuna aliyetajirika kwa kishindo kutokana na jambo hilo, na huenda ndiyo sababu linasimuliwa mara chache.

Njia mbili zikakutana mwaka 2014, na waliozikutanisha walisukumwa na hesabu ya gharama zaidi ya hofu ya wezi. Paul Brody na Veena Pureswaran wa IBM walitoa ripoti iliyouliza swali la kihasibu: kitasa cha mlango kinadumu miaka 10 au 20, na faida yake ni dola chache; kampuni gani itaendelea kulipia seva za kukihudumia muda wote huo? Mwezi wa Mei 2016 jibu lilionekana. Nest, kampuni iliyokuwa chini ya mwavuli mmoja na Google, ilizima seva za Revolv, kifaa cha kuongoza taa na vitasa vya nyumbani ambacho kilikuwa kimeuzwa kwa dola 300 hivi. Vifaa vilikuwa vizima, havikuwa na ubovu wowote, lakini kwa kuwa bwana wao hakupatikana tena mtandaoni, vilibaki mapambo.

IBM ilitaka vifaa vijiendeshe vyenyewe kwa daftari la pamoja. Januari 2015, kwenye maonyesho ya CES huko Las Vegas, ilionyesha pamoja na Samsung mradi wa ADEPT: mashine ya kufulia ya W9000 iliyojiagizia sabuni kwa muuzaji, ikalipa, na kuipa taarifa simu ya mwenyewe. Daftari lililotumika lilikuwa la Ethereum, mtandao uliobuniwa na kijana Vitalik Buterin, ambao wakati huo ulikuwa haujazinduliwa rasmi. Juu ya Ethereum mtu angeweza kuandika mkataba janja, yaani programu inayokaa ndani ya daftari, inayoshika fedha na kuzitoa masharti yakitimia, bila karani.

Mittweida ni mji mdogo wa jimbo la Saxony, Ujerumani, wenye chuo cha sayansi na ufundi. Huko Christoph Jentzsch, mwanafizikia aliyekuwa akifanya kazi ya kuijaribu programu ya Ethereum kabla haijatoka, alianzisha kampuni mwaka 2015 pamoja na ndugu yake Simon na Stephan Tual. Waliiita Slock.it. Bidhaa yao ilikuwa kufuli. Mwenye nyumba anaweka kufuli mlangoni na kutaja bei na amana katika mkataba janja. Mpangaji analipa kwenye mkataba, na tangu hapo simu yake inaweza kufungua mlango: inatia saini ya kidijitali, kufuli linatazama kwenye daftari kama mwenye saini hiyo amelipa, basi. Hakuna seva ya katikati yenye orodha ya nywila za wateja wote ya kuibiwa, wala kampuni ambayo ikifilisika milango inabaki imefungwa. Kasoro hizo mbili, ya wizi na ile iliyokuja kuonekana kwa Revolv, zilitibiwa hapo kwa dawa moja. Mwezi wa Novemba 2015, kwenye mkutano wa wanaethereum mjini London, Jentzsch aliwasha birika la umeme jukwaani kwa malipo ya ether, sarafu ya Ethereum.

Lakini kutengeneza kufuli kunahitaji mtaji. Badala ya kwenda benki, Slock.it wakaamua kuandika mfuko wa uwekezaji uliokuwa wenyewe ni mkataba janja: watu watie ether, wapige kura, na mradi utakaochaguliwa ulipwe moja kwa moja na programu. Mfuko ukaitwa The DAO, na walitarajia kwamba miongoni mwa wa kwanza kuomba fedha humo watakuwa wao wenyewe, kwa ajili ya kufuli. Mauzo yalifunguliwa tarehe 30 Aprili 2016. Ilipofika mwisho wa Mei, mfuko ulikuwa na takriban dola milioni 150, fedha ambazo hakuna mtu pale Mittweida aliyeziota. Kampuni ya kufuli ikajikuta imezaa kitu kikubwa mara nyingi kuliko yenyewe.

Asubuhi ya tarehe 17 Juni fedha zilianza kutoka. Kosa lilikuwa katika mpangilio wa mistari michache ya programu: mfuko ulimtumia mtu ether yake kwanza, na ndipo ukapunguza salio lake. Chukua wakala wa M-Pesa anayehesabu noti mkononi mwako kabla hujathibitisha muamala kwenye simu. Ukimwomba tena kabla hujathibitisha, salio bado liko palepale, naye anahesabu tena. Mshambuliaji aliandika mkataba wa kuomba hivyo mfululizo, na kwa saa chache ukanyonya takriban ether milioni 3.6. Hakuvunja usimbaji wowote, wala hakughushi saini. Daftari lilifanya kazi yake kwa uaminifu kamili, likaandika kila wizi kwa tarehe na saa, mbele ya dunia nzima, na hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kulisimamisha.

Zilifuata wiki za mabishano makali. Kwa masharti ya mfuko wenyewe, mwizi hakuweza kuzitoa fedha hizo kwa karibu mwezi mzima, hivyo muda ulikuwapo. Wengine walisema daftari lisilofutika likifutwa mara moja, halina tena sababu ya kuwapo. Wengine, ambao wengi wao fedha zao zilikuwa humo, walisema wizi ni wizi. Tarehe 20 Julai 2016 Ethereum ilibadilisha kanuni zake na fedha zikarudishwa kwa wenyewe. Waliokataa walibaki na mnyororo wa zamani, unaoendelea hadi leo kwa jina la Ethereum Classic. Mwaka uliofuata, mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani iliamua kwamba vipande vya mfuko ule vilikuwa dhamana zilizopaswa kufuata sheria. Slock.it yenyewe ilinunuliwa mwaka 2019 na kampuni ya Blockchains ya Nevada. Dunia ilijifunza mengi kuhusu sarafu kutokana na kisa hicho, na karibu hakuna kuhusu milango.

Wakati mabishano yakiendelea, vifaa vyenyewe vilikuwa vinatekwa kwa njia ya kijinga zaidi. Vijana watatu wa Marekani, Paras Jha, Josiah White na Dalton Norman, waliandika programu ya Mirai, ambayo mizizi yake ilikuwa katika ugomvi wa kibiashara wa seva za mchezo wa Minecraft. Mirai ilizunguka intaneti ikigonga milango ya kamera na ruta, na kujaribu nywila za kiwandani, kama sitini hivi, za aina ya admin na 12345. Zilitosha. Tarehe 21 Oktoba 2016 jeshi la vifaa hivyo liliishambulia kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikielekeza majina ya tovuti, na kwa saa kadhaa Twitter, Netflix na Reddit havikupatikana kwa mamilioni ya watu. Mwezi uliofuata zamu ikawa ya Liberia. Mwingereza Daniel Kaye, aliyelipwa na ofisa wa kampuni shindani, aliielekeza Mirai kwenye mtandao wa simu wa Lonestar, na intaneti ya nchi iliyoutegemea ikayumba. Mahakama ya London ilimfunga miezi 32 mwaka 2019.

Kutoka hapo kila mwenye kuuza blokucheni alitaja Mirai katika hotuba yake ya kwanza. Utafiti makini ulikuwapo: huko Australia, Ali Dorri, Salil Kanhere na Raja Jurdak waliandika kuhusu nyumba ambayo kila taa na kihisi vina ufunguo wake, na kila ombi la data linaandikwa kwenye mnyororo mdogo wa ndani, bila sarafu na bila uchimbaji, kwa sababu chombo chenye betri ya kidole hakiwezi kuchimba. Hilo lilikuwa jibu la mtu aliyelitazama tatizo. Biashara nyingi zilizoanzishwa baada ya 2016 hazikulitazama. Kamera iliyouzwa na nywila ya admin haiokolewi na daftari lolote. Mnyororo ungethibitisha bila shaka yoyote kwamba aliyeingia alitumia nywila sahihi.

Mradi wa IOTA, uliobuniwa mahususi kwa ajili ya vifaa janja, ulifika mbali zaidi kwa ahadi. Ungekuwa mtandao usio na mkubwa, ambamo mashine zinalipana senti bila ada. Hata hivyo ulitegemea kiungo cha muda kilichoitwa Mratibu, kilichoendeshwa na taasisi yenyewe ya IOTA. Februari 2020 wezi walipowaibia wateja kupitia pochi yake ya Trinity, taasisi ilimzima Mratibu, na mtandao usio na mkubwa ukalala karibu mwezi mzima kwa amri ya mkubwa.

Kwetu Afrika Mashariki, sura inayotuhusu ilianzia Mombasa. Mwaka 2014 kampuni ya meli ya Maersk iliamua kulifuata kontena moja lenye maua ya waridi na maparachichi kutoka Kenya hadi Uholanzi, si kwa sababu lilikuwa na tatizo, bali kuona tu nani wanaligusa. Walihesabu karibu watu na ofisi 30, na mawasiliano zaidi ya 200: mkulima, msafirishaji, mkaguzi wa afya ya mimea, forodha, wakala, bandari, meli, na upande wa pili orodha kama hiyo. Mzigo uliweza kukaa bandarini siku kadhaa kwa sababu ya karatasi moja iliyopotea, na waridi halisubiri karatasi. Kontena lenyewe lilikuwa linakuwa kifaa janja: Maersk ilikuwa ikiyafunga makontena yake ya baridi, mamia ya maelfu, vihisi vya joto na unyevu vinavyotuma taarifa kwa setilaiti. Kama daftari la safari lingekuwa la pamoja, na kipimo cha joto kikaandikwa humo bila mtu kukigusa, basi muuzaji wa maua na mnunuzi wangejua ni kwenye mkono gani mzigo uliharibikia.

Kabla mradi wa daftari hilo haujazinduliwa, Maersk ilipata somo la aina nyingine. Tarehe 27 Juni 2017 kirusi cha NotPetya, kilichoanzia Ukraine, kilifuta kompyuta zake dunia nzima. Mashine takriban 150 zilizotunza orodha ya watumiaji na haki zao zilikuwa zimeunganishwa, kila moja nakala ya nyenzake, na zote zikafutwa pamoja. Ikapona moja tu, ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na ilikuwa imezimika. Mtandao wa huko haukuwa na kasi ya kuituma data Uingereza. Mfanyakazi wa Ghana hakuwa na viza ya Uingereza. Ikabidi diski ipokezanwe katika uwanja wa ndege nchini Nigeria. Wahubiri wa mnyororo husema usalama uko katika wingi wa nakala. Pale Ghana usalama ulikuwa katika nakala iliyokosa habari.

Maersk na IBM walizindua TradeLens mwaka 2018. Kiufundi haikuwa mbaya. Hati ziliingia, matukio ya bandarini yaliingia, na taarifa za vihisi pia. Tatizo lilikuwa la kale kuliko kompyuta: daftari la pamoja lilikuwa la mshindani. Rolf Habben Jansen, mkuu wa Hapag-Lloyd, alilisema hadharani mapema, kwamba jukwaa linalomilikiwa na kampuni moja haliwezi kuwa la sekta nzima. Kampuni yake na nyingine kubwa zilijiunga mwaka 2019, lakini shingo upande. Tarehe 29 Novemba 2022 wenye mradi walitangaza kuufunga kwa kuwa ushirikiano wa dunia nzima haukupatikana, na katika miezi ya kwanza ya 2023 ukazimwa. Mnyororo uliobuniwa kwa ajili ya watu wasioaminiana ulishindwa kwa sababu hawakuaminiana hata kuhusu mnyororo. Na juu ya kipimo cha joto, daftari lingeapa tu kwamba kihisi kilisema nyuzi 4. Kama dereva alikitoa kihisi na kukiweka mahali pa baridi zaidi, lingeapa vilevile.

Milango ambayo Mirai iliingilia ilianza kufungwa na wabunge. Tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria ya Uingereza inakataza kuuza kifaa kinachounganishwa na intaneti kikiwa na nywila moja ya kiwandani inayobahatishwa kirahisi, na inamlazimu mtengenezaji kutaja wazi ni hadi lini atakipa masasisho ya usalama. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria yake mwaka huohuo, na sehemu kubwa ya masharti itaanza kutumika Desemba 2027. Mnunuzi wa kitasa janja mjini Leeds sasa anaambiwa mapema, kabla hajalipa, mtengenezaji atakihudumia hadi lini. Hajaambiwa mlango utafunguliwaje baada ya tarehe hiyo, na swali hilo ndilo walilokuwa nalo vijana wa Mittweida kabla dola milioni 150 hazijawakuta.